Malalamiko ya Mwoka Mikate wa Tunduma Kuhusu Seli Zilizoachana Kabla ya Kuchipua

Bekari ya Haonga,
Tunduma, Songwe.
Jumatatu, saa nne asubuhi (ng'ambo ya barabara ni saa tatu).

Kwa Daktari Mbuke Ngassa,
Msimamizi wa utafiti wa binti yangu Enesi,
Idara ya Baiolojia, huko chuoni.

Ndugu Daktari,

YAH: KUPINGA MANENO "ZA KUBUNI" KATIKA UKURASA WA KUMI NA NNE

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wanafunzi wako na zile hadubini zenu kubwa ambazo Enesi anasema hazishikwi bila glavu. Sisi huku hatujambo, ukiniondoa mimi. Mimi sijambo kwa mwili tu. Roho imechafuka tangu Ijumaa, na kwa kuwa wewe ndiye uliyeichafua, nimeona adabu inanitaka nikuandikie wewe mwenyewe kabla sijamwandikia mtu aliye juu yako.

Naitwa Osea Haonga. Nimezaliwa Hasamba kwenye kahawa, lakini huu ni mwaka wa ishirini na mbili naoka mikate hapa Tunduma, hatua mia tatu kutoka mpakani. Madereva wa malori wanaosubiri kuvuka wananijua, na wale wa upande wa Nakonde, Zambia, wakifika dirishani kwangu husema kwanza mukwai, kwa heshima, ndipo wataje wanataka mikate mingapi. Nakueleza haya usije ukadhani unaandikiwa na mtu aliyekutana na hamira jana. Nimeikanda, nimeifunika blanketi wakati wa baridi, nimeigombeza ilipogoma kuumuka. Hakuna mtu atakayenitisha kwa habari za hamira.

Sasa nije kwenye shauri lenyewe, maana najua una kazi nyingi. Enesi yuko mwaka wa tatu. Utafiti wake wa kumalizia chuo, kama unavyojua kuliko mimi, unahusu kazi ya protini kinasi katika kudhibiti mzunguko wa seli za hamira. Vipimo vya kinasi wenyewe alivifanya kwenu maabara. Sehemu ya kuhesabu seli aliifanyia hapa nyumbani wakati wa likizo, kwa hamira ya bekari yangu na hadubini ya kuazima kutoka sekondari ya jirani. Aliinyima hamira chakula mpaka seli zote zikasimama, kisha akaitia sukari ili zote zianze pamoja, na kila baada ya dakika kumi alichukua tone akahesabu: ngapi zimechipua kijiseli kipya ubavuni, ngapi zimeshaachana zikawa mbili mbili. Mwisho akaandika jedwali.

Ijumaa umemrudishia jedwali hilo kwenye kompyuta likiwa na maandishi mekundu. Umezungushia mistari ya kuanzia saa nane mchana. Umeandika kwamba seli haziwezi kuachana saa nane na dakika ishirini wakati vichipukizi vyake vimejitokeza saa nane na nusu, na kwamba takwimu hizi ni za kubuni. Alhamisi hii anaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Kamati ikikubaliana na wewe, Enesi hatavaa joho Novemba, na huenda akafukuzwa kabisa. Hilo ndilo lililonikalisha kwenye meza hii badala ya kuwa mbele ya oveni, na malalamiko yangu nayaweka kwa namba ili kamati isije ikasema haikuelewa.

1. Lalamiko la kwanza ni hayo maneno. Ungeandika kwamba takwimu zina makosa, ningekunywa chai yangu nikaendelea na kazi. Makosa hata mimi ninayo. Mwezi uliopita nilitia chumvi ya Ivuna mara mbili kwenye unga ule ule, na madereva waliinunua mikate hivyo hivyo wakaishushia na maji. Lakini kubuni, Daktari! Kubuni ni kumpaka mtu matope. Ruti, mke wangu, alipolisoma neno hilo alikaa chini juu ya gunia la ngano mpaka trei mbili zikaungua. Enesi mwenyewe tangu Ijumaa hali. Anashika kijiko, anakiweka. Mara mbili amekuja hapa mlangoni anauma maneno, anasema baba kuna jambo, na mara zote mbili nimemwambia atulie, jambo naliona, liko mikononi mwa mzazi wake.

2. Umemwamini kinasi kuliko Enesi. Na usidhani kinasi siwajui. Enesi alinifundisha juu ya meza ya kukandia, na mimi si mgumu wa kuelewa nikielezwa kwa utulivu. Kinasi ni protini ambayo kazi yake ni kubandika: anachukua kitu kidogo kiitwacho fosfati, anakibandika kwenye protini nyingine, na aliyebandikwa anaamka afanye kazi, au anaacha kazi aliyokuwa akiifanya. Basi. Mtu aliyeishi mpakani miaka yote hii akiona watu wanavyosubiri muhuri hawezi kushindwa kuelewa hilo.

Ndani ya hamira yupo kinasi mkubwa anayeamuru seli ianze kujigawa. Ukimsikia cheo chake utaogopa, lakini peke yake ni bure kabisa. Anakaa tu, mpaka aje mwenzake aitwaye saiklini, ndipo apate nguvu. Saiklini akishavunjwavunjwa, mkubwa anarudi kuwa bure kama mwanzo. Na hao saiklini wanapokezana: yuko wa kuanzisha safari, yuko wa kunakili vinasaba, yuko wa kugawa. Mpaka hapo nilikuwa nafurahi mwenyewe, nikamwita Ruti aje asikie. Kisha yupo kinasi wa pili, mkaguzi. Huyu akiona seli haijatoa kichipukizi, anambandika yule mkubwa fosfati ya kumzuia. Hata saiklini wote waje, kazi haiendi. Mpaka kichipukizi kionekane, ndipo protini nyingine inakuja kuibandua ile fosfati na seli inaruhusiwa kujigawa.

Nakiri nilimpenda mkaguzi huyo. Nilisema tungekuwa naye bekari tusingetoa mikate mibichi siku za mnada. Leo wewe umemgeuza shahidi wa mashtaka dhidi ya binti yangu. Hoja yako yote, ukiivua nguo zake, ni kwamba mkaguzi asingeruhusu. Daktari, umewahi kumwona huyo mkaguzi? Enesi anasema hata hadubini kubwa haimwoni, mnamtambua kwa madoa kwenye jeli. Enesi anaonekana. Amekaa mstari wa mbele darasani kwako miaka mitatu, amevaa miwani, mrefu kama mama yake. Mwenye madoa anasadikiwa, mwenye miwani anaitwa mwongo. Hebu jiweke kwenye nafasi yangu dakika moja tu.

3. Hili ndilo kubwa, nakuomba uvute kiti. Hukuuliza saa ilikuwa ya nchi gani.

Sisi hapa tunaishi na saa za nchi mbili. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na Zambia yenyewe iko ng'ambo ya barabara. Simu yako ikishika mnara wa kwetu inakuambia ni saa nne. Sogea kidogo ishike mnara wao, inakuambia ni saa tatu, wala haikuagi. Wageni wanachanganyikiwa, sisi tumezoea. Gibson, kaka yake Ruti, alichelewa saa nzima kwenye kikao cha posa yake mwenyewe huku akiapa amewahi, na wakwe wakamsamehe kwa sababu mshenga wake naye alikuwa bado hajafika, kwa sababu hiyo hiyo. Leo wana watoto wanne.

Sasa tazama. Enesi aliweka hadubini kwenye meza ya dirisha linalotazama Nakonde, kwa kuwa ndiko kwenye mwanga. Vichipukizi aliviandika karatasi moja na seli zilizoachana karatasi nyingine, baadaye akaziunganisha. Vichipukizi vilijitokeza saa nane na nusu, kwa saa ya Tanzania. Seli zikaachana baada ya dakika hamsini, ambazo Enesi anasema ni muda wa kawaida kabisa, yaani saa tisa na dakika ishirini. Lakini wakati huo simu ilikuwa imeshahamia Zambia, ikasema saa nane na dakika ishirini. Mtoto akaandika alichokiona. Rudisha hiyo saa moja tuliyoporwa na mnara, na jedwali lote linakaa sawa, kinasi mkubwa anafurahi, mkaguzi anafurahi, na wewe unabaki na maandishi yako mekundu mkononi.

Wala sisemi kwa mdomo tu. Mimi ni mzazi wa mwanasayansi, nimefanya utafiti. Kwa siku saba mfululizo nimeiweka simu yangu kwenye dirisha hilo hilo, na simu ya Ruti jikoni karibu na oveni, nikizikagua mara sita kila siku. Simu ya dirishani ilihamia Zambia mara tano Jumatatu, mara nne Jumanne, mara tano Jumatano, mara sita Alhamisi, mara nne Ijumaa, mara tano Jumamosi, na mara tano Jumapili baada ya ibada. Jumla ni mara thelathini na nne kati ya arobaini na mbili. Simu ya Ruti haikuhama hata mara moja. Nadhani hapo hata mtu mbishi anakaa kimya.

4. Kutokana na hayo, naomba kuuliza kwa unyenyekevu: kamati yenu ina mamlaka gani? Seli zilichipua kwa saa za Tanzania, sikatai. Lakini ziliachana kwa saa za Zambia. Kosa, kama lipo, limetendeka kwa saa ya nchi nyingine. Mkaguzi wa upande wetu alifanya kazi yake akamaliza. Yaliyotokea baada ya hapo si ya kuulizwa Enesi, wala si ya kuulizwa chuo. Nimelipeleka suala hili kwa Abrahamu, dereva Mzambia anayesafirisha shaba, mtu mtulivu sana, anayesubiri hapa siku ya tatu. Amesikiliza mpaka mwisho huku akitafuna mkate, na amesema kwa niaba ya nchi yake hawana pingamizi lolote.

4. Naona namba nne nimeshaitumia. Basi hili nalo liwe la nne, maana yanakaribiana. Vitabu mnavyosomesha vimeandikwa na watu wenye saa moja tu ukutani. Hao wanasema mzunguko wa seli unakwenda mbele, hatua kwa hatua, haurudi nyuma, kwa sababu kila hatua ina kinasi wake na kila kinasi ana zamu yake. Sawa, huko kwao. Lakini mwaka jana, Daktari, nilitoa mkate kwenye oveni saa nne kamili asubuhi, nikaupeleka kwa miguu yangu Nakonde, na mteja akaula saa tatu na dakika ishirini. Uliliwa kabla haujaiva. Mashahidi wapo. Kama mkate mzima unaweza kufanya hivyo, kwa nini seli moja ndogo ishindwe? Kwa hiyo si Enesi anayepaswa kusahihishwa, ni vitabu. Iongezwe sura inayohusu hamira za mpakani, ambazo kinasi wao wanatumikia saa mbili kwa mpigo, na kwa uchovu huo wanastahili kuvumiliwa kuliko kinasi wenu wa chuoni waliolelewa kwenye kiyoyozi.

5. La mwisho halina hesabu. Enesi alikuwa na kawaida ya kuimba akipanga trei. Anaimba vibaya, sitakudanganya, sauti ni ya kwangu. Tangu Ijumaa haimbi. Bekari imekuwa kimya, nasikia unga unavyopasuka mapovu. Nimelea watoto watatu, na huyu ndiye aliyekuwa akiniuliza kwa nini mkate una matundu, tangu hajaanza shule, na mimi nilimjibu kila mara ingawa nilikuwa sijui. Naumia, Daktari. Nimeandika maneno mengi ya hasira hapo juu, lakini ukweli ni kwamba naumia tu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Maneno "za kubuni" yafutwe, na mahali pake paandikwe "za Tunduma". Kamati isikae huko chuoni, ije ikae hapa, kwenye meza ya dirisha lile, ikianza saa nane za Tanzania na kumaliza saa nane za Zambia. Kwa saa ya kikao itakuwa haikuchukua muda wa mtu yeyote. Wewe mwenyewe uje siku saba ukae kwetu bila saa ya mkononi. Ruti atakupa chumba cha Enesi, asubuhi utakanda, mchana utahesabu seli, na siku ya saba tukuulize umeanza lini na umemaliza lini. Tukiona umejibu vizuri, tutakuamini.

Zaidi ya hayo, kwa kuwa mashtaka yanamtegemea mkaguzi, nataka naye aletwe atoe ushahidi. Najua mtasema hapatikani. Mimi ninaye. Kesho asubuhi namtuma kwa basi pamoja na barua hii, yeye na wenzake wote, ndani ya kopo la siagi lenye hamira hai. Nimelitoboa tundu moja juu, maana likizibwa kabisa litaanza kujitetea kabla halijafika Makambako. Likifika mlipe sukari kijiko kimoja, mkae mbele yake, mtazame. Mkaguzi ataeleza mwenyewe alikuwa wapi saa nane ile.

Nimemaliza. Nisalimie Mkuu wa Idara na wajumbe wote wa kamati, pamoja na wale ambao wameshaamua. Nisalimie bwana wa maabara anayeosha vioo, na yule mlinzi wa geti aliyembebea Enesi sanduku lake siku ya kwanza, tukashindwa kumpata tumshukuru. Enesi aliniambia una wajomba wanaofuga huku bondeni Momba, upande wa Ndalambo. Wasalimie sana, na uwaambie wakipita Tunduma wasile mkate wa mtu mwingine, mimi sina ugomvi nao.

Ni mimi, ninayekasirika kwa heshima,

Osea Haonga
Mwoka mikate, baba yake Enesi

Nakala: Mkuu wa Idara, Kamati ya Nidhamu, Kinasi Mkaguzi, kwa taarifa.

Tanbihi: Sasa ni saa kumi jioni. Bahasha ilikuwa imeshafungwa, nimeifungua kwa kisu cha mkate.

Ruti alisema barua yenye maneno ya sayansi isiende bila Enesi kuipitia, tusije tukaaibika. Nikampa. Aliisoma amesimama, amejiegemeza kwenye rafu ya trei, na hakucheka hata pale Ruti alipocheka. Alipomaliza aliniambia kwamba siku ile hakutumia simu. Alitumia saa ya ukutani ya bekari, ambayo haijawahi kuhamia nchi yoyote.

Kisha akasema kile alichokuwa anakitafutia nafasi tangu Ijumaa. Kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi hakuwa kwenye hadubini. Nilimwita mimi. Ilikuwa Jumamosi moja ya likizo ile, tulikuwa na mikate ya harusi ya kupeleka Nakonde, na mzee Ambwene anayenisambazia alikuwa anaumwa. Enesi aliniambia seli zimeshaanza safari na haziwezi kuachwa. Nami, sasa nakumbuka vizuri, nilicheka, nikamwambia hizo ni hamira tu, atazikuta. Alipeleka mikate. Aliporudi seli zilikuwa zimeshachipua na kuachana bila mtu wa kuziangalia. Jumatatu asubuhi hadubini ilitakiwa sekondari, Jumapili tulikuwa Hasamba kwenye msiba, hakukuwa na siku ya kurudia. Akajaza mistari ile kwa kichwa chake, haraka haraka, na kwa haraka hiyo akaweka kuachana kabla ya kuchipua. Ulichoandika kwa wekundu ni sahihi, Daktari, kila neno, pamoja na lile lililomkalisha mke wangu juu ya gunia.

Nilianza kumgombeza, kwa sauti ambayo Abrahamu aliisikia kutoka kwenye lori. Akaniacha nimalize, akaniuliza jambo moja. Maandishi ya Daktari yamefika Ijumaa, leo ni Jumatatu. Hizo siku saba za kupima simu nimezitoa wapi?

Nilizitazama zile siku saba. Ukweli ni kwamba nilipima Jumamosi peke yake, mara mbili, na mara ya pili simu haikuhama. Nyingine nilizijaza. Nilimwambia hiyo si kubuni, kwa sababu nilijua vizuri kabisa zingekuwaje. Enesi akasema hata yeye alijua vichipukizi vingekuwaje.

Tulikaa pale wote watatu mpaka Ruti akakumbuka kuna mikate ndani ya oveni.

Nilitaka kuichana barua hii. Enesi amekataa. Anataka iende kama ilivyo, ibanwe pamoja na jedwali lake, kamati isome vyote viwili. Malalamiko yote nayaondoa, yale mawili ya nne pia. Shahidi wa kwenye kopo nimemrudisha kwenye unga, kesho atakuwa mkate. Jumatano tunapanda basi, na Alhamisi Enesi ataingia aseme mwenyewe alichokifanya, na amesema tusimwombee huruma. Mimi nitakaa kwenye benchi la nje. Ila kama kamati itapenda kuniita, naomba swali la kwanza liwe nani alimwondoa mezani Jumamosi ile, nipate kulijibu mbele ya Enesi.